Tokyo wanawafundisha hadi wageni kujiokoa na tetemeko. Sisi Mbeya tuliokaa juu ya Bonde la Ufa, nani kafundishwa?

#1 Mwana wa Isyesye
Wakuu, poleni na baridi.

Mdogo wangu wa kike yuko Tokyo kimasomo. Juzi katupia video kwenye kundi la familia: yuko ndani ya chumba chenye meza na viti, mara chumba kizima kinarushwa kushoto kulia, yeye na wenzake wanajitupa chini ya meza na kung'ang'ania miguu yake. Tukajua mtoto kapatwa. Kumbe mafunzo. Wamekusanywa wageni wanaoishi pale, Wanepali, Wavietnamu, Wabrazili, na Mnyakyusa mmoja, wakapelekwa kituo cha mafunzo cha zimamoto cha Ikebukuro. Baada ya mtambo wa tetemeko wakaingizwa kwenye vichochoro vyenye moshi wa bandia, unapita umeinama na kitambaa mdomoni mpaka uuone mlango. Wakamalizia na mtungi wa kuzimia moto uliojazwa maji matupu, unalenga moto ulioko kwenye skrini. Bure kabisa.

Mama akauliza kundini: "Sasa Mjapani anapata nini kumfundisha mtu atakayeondoka?" Hakuna aliyempa jibu la kueleweka, nalileta kwenu. La kwangu ni hili: hapa jijini tuna Wachina wa barabara, Wazambia, Wakongo wa biashara, Wamalawi mpaka tumechoka kuwahesabu. Ikitokea leo, nani atawaambia wakimbilie wapi? Na sisi wenyewe je?

#2 Ndizi Mzuzu
Wewe mwenyeji hujafundishwa, unamwonea huruma Mchina. Nimevuta kigoda, waje wajuvi.

#3 Mtoto wa Sae
Mleta uzi unatutisha bure. Tetemeko ni la Bukoba, lile la 2016. Mbeya kinachoua ni malori kwenye miteremko. Kila nchi na balaa lake: wao ardhi, sisi breki.

#4 Mwalimu wa Forest
Namba 3, umeongea kwa kujiamini sana. Bukoba, 10 Septemba 2016, ukubwa ulikuwa 5.9. Sasa tafuta 13 Desemba 1910, Rukwa, hapo nyuma ya milima yetu: 7.4. Hesabu ya matetemeko haiendi kama ya maharage sokoni. Tofauti hiyo ya 1.5 maana yake nguvu iliyotoka ni zaidi ya mara 150 ya ile ya Bukoba. Ni miongoni mwa makubwa kabisa yaliyowahi kupimwa Afrika. Kilichotuokoa ni kwamba nyumba zilikuwa za miti na nyasi na watu walikuwa wachache.

Mbeya inakaa pale matawi ya Bonde la Ufa yanapokutana, la Rukwa linakuja toka kaskazini magharibi, la Nyasa linashuka kusini, na Usangu upande wa tatu. Volkano za Rungwe, Ngozi na Kyejo hazikuota pale kwa ajili ya watalii. Kyejo ilitoa lava mnamo 1800, babu wa babu zetu waliiona. Na Desemba 2009 Karonga, hapo Malawi, ilitikiswa wiki kadhaa, kubwa lake likafika 6.0. Waulize watu wa Kyela walilala wapi.

#5 Mtoto wa Sae
Sawa mwalimu. Lakini 1910 ni zamani. Tangu hapo kimya.

#6 Mwalimu wa Forest
Ardhi haina kalenda ya muhula, kijana. Ziwa Tanganyika, 5 Desemba 2005, 6.8. Huo ndio ukimya wako?

#7 Kaka Mkubwa Iyunga
Tujibu swali la mama kwanza. Wajapani walijifunza kwenye tetemeko la mji wa Kobe mwaka 2011. Wageni wengi walikufa na wengine wakahangaika kwa sababu matangazo yote yalikuwa ya Kijapani: hawajui maji yanagawiwa wapi, hawajui hata kwamba shule ndiyo kimbilio. Ndipo serikali ikaona aibu.

#8 Aliyerudi na Begi
Namba 7 umechanganya madaftari. Kobe ni 17 Januari 1995, saa kumi na moja na dakika 46 alfajiri, waliokufa 6,434. La 2011 ni la kaskazini mashariki, 11 Machi, ukubwa 9.0, lile la tsunami na mtambo wa nyuklia wa Fukushima. Ila hoja yako ya lugha ni ya kweli. Baada ya Kobe, Wakorea na Wavietnamu wa mitaa ya Nagata walianzisha redio zao ndogo wakitangaza kwa lugha zao chakula kiko wapi na fomu zinajazwa wapi. Baadaye redio hizo ziliungana zikawa FMYY. Pia wasomi wa chuo kikuu cha Hirosaki wakaandaa Kijapani chepesi cha matangazo, sentensi fupi fupi, ili hata aliyefika juzi aelewe.

Nimeishi Kawasaki, ubavuni mwa Tokyo, nina ya kusema zaidi. Ngoja niwalaze watoto.

#9 Mpenda Kale
Wote mnaanzia katikati. Rudini 1 Septemba 1923, saa sita kasoro dakika mbili mchana, watu wako jikoni. Tetemeko la Kanto, ukanda wa Tokyo. Wafu zaidi ya laki moja, na wengi wao hawakuuawa na kuta, waliuawa na moto. Kwenye uwanja mmoja wa Honjo walikimbilia na magodoro na masanduku yao wakidhani wamepona, kimbunga cha moto kikawafuata humo humo, wakateketea kama 38,000.

Sasa lisilosemwa sana: ndani ya saa chache ukavuma uvumi kwamba Wakorea wanatia sumu visimani na kuchoma nyumba. Raia wakashika mapanga na mikuki ya mianzi, wakaweka vizuizi njiani. Wakorea waliuawa kwa maelfu, na Wachina wengi pia. Kwa maoni yangu mafunzo ya wageni yametoka hapo. Mgeni akisimama kwenye foleni ya ndoo na jirani yake, siku ya siku jirani hamdhanii mchawi.

#10 Ndizi Mzuzu
Hii imenisisimua mwili. Hata huku kwetu si geni. 2016 Iringa waliuawa watafiti wa udongo, watu wamesema ni wanyonya damu.

#11 Binti wa Kalenga
Kamwene wakuu. Namba 10, ishia hapo hapo! Kijiji kinaitwa Iringa Mvumi na kiko wilaya ya Chamwino, mkoa wa Dodoma. Kila mwaka narekebisha jambo hili na kila mwaka Wahehe tunatukanwa upya. Watafiti walitoka kituo cha kilimo Arusha, waliuawa watatu na dereva wao akiwa humo, gari likachomwa. Ilikuwa Oktoba. Uvumi ulianza na mtu mmoja, ukapaa.

#12 Ndizi Mzuzu
Wahehe mna hasira hata mkisingiziwa wema. Kula laiki.

#13 Mtoto wa Sae
Mpenda Kale, maelezo yako matamu lakini yana tundu. Kama sababu ni mauaji ya 1923, mbona miaka yote ile wageni hawakufundishwa?

#14 Mpenda Kale
Aibu huchukua muda kuwa sera. 1 Septemba imekuwa siku ya mazoezi ya maafa nchi nzima tangu 1960. Wageni waliongezwa baadaye, sawa, lakini siku iliyochaguliwa ni ile ile.

#15 Mshona Viatu Mabatini
Mnazunguka mbuyu. Wajapani wanazeeka, viwanda vinataka vibarua, na kibarua akipata hofu atapanda ndege arudi kwao. 2011 wageni wengi walikimbia Tokyo, mabosi wakabaki wameshika viuno. Halafu kulikuwa na Olimpiki ya 2020 (iliyokuja kuchezwa 2021), dunia nzima inawatazama. Unafundisha watu ili uonekane umejiandaa. Biashara na picha, basi.

#16 Aliyerudi na Begi
Nimerudi. Mshona Viatu, kuna ukweli kidogo kwa unachosema, lakini mtaani kwangu hali ilikuwa nyingine kabisa.

Kule kuna umoja wa mtaa, chukulia ni balozi wa nyumba kumi mwenye daftari, ndoo, na kibanda cha vifaa. Mtaa wetu mchana ulikuwa wa bibi na babu watupu. Vijana wa Kijapani wako ofisini, treni saa nzima. Waliobaki ni sisi: Mfilipino wa nyumba ya wazee, Mnepali wa mgahawa anayelala mchana, na mimi mwenye mtoto mgongoni. Mwenyekiti, mzee wa miaka kama themanini, alipotufundisha hakuanza na meza. Alianza na jeki ya gari. Akaweka boriti juu ya mdoli, akatuonyesha jinsi ya kuingiza jeki pembeni, unainua kidogo, unasukumia vipande vya mbao chini, unainua tena, ili ikiteleza isimrudie mtu. Kisha machela: nguzo mbili za mianzi na blanketi moja, unalikunja mara mbili kuzunguka nguzo, uzito wa mgonjwa wenyewe ndio unaolikaza. Hakuna fundo hata moja. Nilimbeba bibi wa jirani yangu hivyo, anacheka mpaka meno yanataka kutoka.

Kwa hiyo mama wa mleta uzi ajibiwe hivi: Mjapani anapata mikono. Kobe waliotolewa hai chini ya nyumba wengi walitolewa na majirani na ndugu, si vikosi. Vikosi vilikuwa havijafika, na barabara zimefungwa.

#17 Mshona Viatu Mabatini
Yaani vibarua tena, safari hii bila malipo. Umeniunga mkono bila kujua.

#18 Aliyerudi na Begi
Haya bwana.

#19 Fundi Mwashi Uyole
Naomba niingie kwenye hilo la meza maana ndiko kazi yangu ilipo. Mtu asichukue mafunzo ya Tokyo akayaleta Ilomba mazima mazima. Kule jengo limefungwa nondo, sheria yao ya ujenzi ilikazwa 1981, nyumba inayumba lakini haimwagiki, kwa hiyo hatari ni kabati na televisheni. Hapo meza ina maana.

Hapa kwetu njoo nikuonyeshe. Tofali la kuchoma, kozi zimelazwa kwa udongo na saruji imepakwa nje kwa sura. Linta, ule mkanda wa zege, imewekwa juu ya milango na madirisha tu, vipande vipande, haizunguki nyumba. Juu ya hapo pembe tatu ya ukuta imepandishwa mpaka kwenye paa, imesimama yenyewe kama haina mwenyewe, haijashikwa na kitu. Kenchi zimekaa juu ya ukuta kwa waya mmoja. Likipita tetemeko la kawaida tu, kile cha pembe tatu kinakuja ndani au kinaanguka nje, kwenye mlango unaokimbilia. Bati halikuui. Ukuta ndio utakuua.

#20 Kaka Mkubwa Iyunga
Kwa hiyo fundi, tukimbie au tukae?

#21 Fundi Mwashi Uyole
Kama mlango uko hatua tatu na nje ni uwanja, toka, na usisimame ukutani, nenda mpaka katikati ya kiwanja. Kama uko chumba cha ndani, ingia chini ya kitanda au meza ngumu, kinga kichwa, subiri ikome, ndipo utoke.

#22 Mwalimu wa Forest
Fundi hapo nakupinga kidogo. Wataalamu wengi wanasema wanaoumia ni wale wanaokimbia wakati ardhi bado inatikisika, tofali linawakuta mlangoni. Na hutajua mlango uko hatua tatu saa nane usiku umeme umekatika.

#23 Fundi Mwashi Uyole
Mwalimu, shikamoo. Wataalamu hao walipima nyumba za nani? Nionyeshe meza moja Mabatini inayoweza kubeba ukuta wa tofali. Meza zetu ni za kuwekea chai.

#24 Mwalimu wa Forest
Marahaba. Ndiyo maana nasema yafanyike mafunzo ya hapa, yaangalie nyumba za hapa. Bukoba nyumba zilizoanguka nyingi ni hizo hizo unazozieleza.

#25 Aliyerudi na Begi
Hata wao hubadilisha. Zamani walifundisha zima jiko kwanza, kwa sababu ya ule moto wa 1923. Siku hizi ni kichwa kwanza, jiko baadaye, maana mita za gesi zinajifunga zenyewe tetemeko likifika kiwango cha tano kwenye kipimo chao, ambacho kinaishia saba. Sisi mtungi wa gesi hauna cha kujifunga. Nami nimebaki na tabia ya kwao ya maji: lita tatu kwa mtu kwa siku, za siku tatu, zipo chini ya kitanda. Mume wangu anasema nimeleta mizimu.

#26 Breki za Tunduma
Wazee wa tetemeko samahani, naandika niko foleni. Wageni wakubwa wa mkoa huu ni madereva: Wazambia, Wakongo, Wasomali, Wazimbabwe. Wengi hawajui hata kwamba zimamoto ni 114. Na nusu tunavuta matenki ya mafuta. 10 Agosti 2019 pale Msamvu Morogoro tenki lilianguka, watu wakaja na madumu, moto ukalipuka, wakafa zaidi ya mia. Mimi nilikuwa nyuma ya msafara, niliyaona magari yanageuzwa. Tangu siku hiyo nikiona tenki limelala sisogei, ila siwezi kumwambia Mkongo kwa Kiswahili cha Lubumbashi akanielewa haraka. Naonyesha mikono tu.

Mafunzo ya kwanza yaanzie hapa mizani na kwenye maegesho. Tetemeko lisubiri.

#27 Mtoto wa Sae
Nilisema mimi, breki!

#28 Mkalimani wa Site
Nafanya kazi na kampuni moja ya Kichina ya ujenzi, jina naliacha. Watu wanasema Wachina hawajali usalama. Kila asubuhi kabla ya kazi kuna kikao, kofia zinakaguliwa, na kambini kuna kibao cha mahali pa kukusanyikia. Ila kile kibao kilikuwa chini ya mlima.

Aprili 2024 tope la mlima Kawetere liliposhuka Itezi likafunika nyumba na shule, msimamizi wangu aliniita akaniuliza maswali matatu: mlima upi unaofuata, nani anatoa tahadhari, na tukimbilie shule gani. La kwanza nilibahatisha. La pili nikasema Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangaza mvua kubwa. La tatu sikuwa na jibu, nikamtafsiria ukimya. Akaandika kitu kwenye daftari lake, kesho yake kibao kikahamishwa.

#29 Binti wa Kalenga
Itezi nina shangazi. Majirani ndio walioanza kutoa watu na vitu ndani, kama alivyosema dada wa Kawasaki. Tope haliruhusu kukimbia, linafika kiunoni kabla hujavaa ndala. Na Hanang 3 Desemba 2023 ilikuwa hivyo hivyo, wakafa watu 89.

#30 Mwenyekiti Mstaafu
Vijana, sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inataka kamati tangu taifa, mkoa, wilaya mpaka huku chini. Mgeni akihamia mtaani hujiandikisha kwa mwenyekiti, kwa hiyo orodha ipo. Wakati wangu nilikuwa naandika jina, kabila au taifa, na namba ya simu. Sikuwahi kuandika kama mtu anatembea au hatembei, ana watoto wangapi wadogo. Tokyo nadhani wanaandika hivyo.

#31 Mshona Viatu Mabatini
Mzee shikamoo. Orodha hiyo ilitumika kukusanya michango ya mwenge tu. Tusidanganyane.

#32 Mwenyekiti Mstaafu
Na wewe hukuchanga, nakukumbuka.

#33 Ndizi Mzuzu
😂😂 Uzi ufungwe hapa, kuna mtu kaumbuka.

#34 Mwana wa Isyesye
Nimemsomea mama majibu yenu. Anasema Mpenda Kale amemtisha, dada wa Kawasaki amemridhisha, na Mshona Viatu amemfanya amkatae mkwe wa Kijapani kabla hajaja. Nauliza nyingine kwa fundi: nyumba ikishajengwa na kuezekwa, linta haizunguki, kuna la kufanya au tusubiri?

#35 Mpenda Kale
Mimi sijatisha mtu, nimetaja mwaka.

#36 Fundi Mwashi Uyole
Lipo. Kwanza ile pembe tatu, ibomoe uweke mbao na bati, kazi ya siku moja. Pili kona na kuzunguka usawa wa linta: unakwangua plasta, unafunga wavu wa chuma ndani na nje ya ukuta, unatoboa ukuta unapitisha waya kuunganisha wavu na wavu, kisha plasta ya saruji isiyo na mzaha wa mchanga. Tatu kenchi zifungwe kwenye ukuta kwa nondo, si kwa waya wa binding. Bei siandiki hapa maana kuna mafundi wananisoma. Nitumie picha kwa pembeni, na usipige mbele palipopakwa rangi, piga kona za nyuma.

#37 Breki za Tunduma
Fundi, na mimi nina kibanda Mpemba. Foleni imesogea, nitakutumia nikifika upande wa pili.